Baada ya Kisu, Hukumu Iko kwa Ini Lililobaki

Daktari akitoka chumba cha upasuaji, swali la kwanza la ndugu waliokuwa wakisubiri huwa ni hili: uvimbe wameutoa wote? Ni swali zito, na kwa saratani nyingi jibu lake hubashiri mengi ya mbele. Kwa saratani inayoanzia kwenye ini lenyewe, jibu la "ndiyo, wote" halitoshi. Katika hospitali zenye uzoefu mkubwa, wagonjwa waliochaguliwa vizuri na kukatwa sehemu ya ini yenye saratani, kati ya nusu na asilimia 70 yao huwa hai baada ya miaka mitano. Lakini katika miaka hiyohiyo mitano takriban asilimia 70 huonekana na uvimbe tena, mara nyingi ndani ya ini lilelile. Ukiziweka takwimu hizi mbili pamoja unapata jambo ambalo familia nyingi haziambiwi. Wapo wengi wanaoishi miaka mingi ingawa ugonjwa uliwarudia, kwa kuwa ini walilobaki nalo lilikuwa na nguvu ya kustahimili tiba ya pili na ya tatu. Ndiyo maana nashikilia kwamba hatima ya mbali ya mgonjwa huyu, kwa kiasi kikubwa kuliko tunavyodhani, inaamuliwa na ini lililobaki mwilini kuliko kipande kilichotolewa. Na kama hivyo ndivyo, kumpa mgonjwa ruhusa ya kwenda nyumbani na karatasi ya kuja kutolewa nyuzi tu ni kumfanyia nusu ya tiba.

Sababu iko katika jinsi saratani hii inavyozaliwa. Ni nadra kuota katika ini lenye afya. Aina iliyo ya kawaida zaidi huja baada ya miaka mingi ya ini kuumizwa polepole, na wanaoliumiza wanajulikana: kirusi cha homa ya ini aina ya B, kirusi cha aina ya C, pombe, mafuta yanayorundikana kwenye ini kwa walio na unene na kisukari, na sumukuvu inayotokana na ukungu wa mahindi na karanga. Ini zima ni laini, lina rangi ya hudhurungi iliyoiva, na kingo zake ni nyembamba. Ini lililoumizwa kwa miaka ishirini ni gumu, limefifia rangi, na juu yake kuna vinundu vingi ambavyo kidole cha mpasuaji kinavihisi kabla kifaa chochote hakijavionyesha. Kila kinundu ni kundi la chembe lililozungukwa na kovu, likijitahidi kuzaliana ili kufidia chembe zilizokufa. Katika kuzaliana huko kwa pupa makosa ya vinasaba hujilimbikiza, na mahali penye kirusi cha B vipande vya vinasaba vya kirusi hujichomeka ndani ya vinasaba vya mtu. Mpasuaji anapoukata uvimbe mmoja, vinundu vingine mamia vinabaki, na vyote vimepitia historia ileile. Ni shamba lililong'olewa gugu moja huku mbegu zake zikiwa zimeshatapakaa udongoni.

Watafiti wa Japani na kwingineko wamezoea kuugawa urejeaji wa ugonjwa kwa mpaka wa miaka miwili hivi. Ukirudi kabla ya hapo, aghalabu ni uvimbe uleule wa mwanzo: chembe zake zilikuwa zimeshaponyoka kupitia vijishipa vya damu na kujificha mahali pengine kabla kisu hakijagusa ngozi. Ukirudi baadaye, mara nyingi ni saratani mpya kabisa iliyozaliwa na ini lilelile bovu. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa mjadala mzima, kwa sababu inatuambia kwamba tunapambana na maadui wawili, wala silaha zao si moja. Urejeaji wa mapema unategemea sana tabia ya uvimbe: ukubwa wake, idadi yake, kama umeingia ndani ya mishipa ya damu, na kama protini ya AFP ilikuwa juu sana kwenye damu. Ule wa baadaye unategemea zaidi kama kirusi kimedhibitiwa, kama makovu yanaendelea, na kama mtu bado anakunywa.

Hapa wapo watakaosema kwamba napuuza mkono wa mpasuaji, na pingamizi lao lina msingi. Mwaka 2007 madaktari wa Guangzhou, China, walichapisha matokeo ya wagonjwa 169 wenye uvimbe mmoja, waliogawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likatwe ini kwa kuacha ukingo wa sentimita mbili kuzunguka uvimbe, jingine sentimita moja. Baada ya miaka mitano takriban asilimia 75 ya kundi la kwanza walikuwa hai, na la pili asilimia 49. Tofauti ya sentimita moja tu! Kabla ya hapo, katika miaka ya 1980, Masatoshi Makuuchi wa Japani alikuwa ameshaonyesha njia ya kukata kwa kufuata ramani ya ini yenyewe. Claude Couinaud, Mfaransa, alikuwa ameligawa ini katika sehemu nane, kila moja na mshipa wake wa kuingiza damu. Makuuchi aliweka kipimo cha ultrasaundi moja kwa moja juu ya ini lililofunuliwa, akautafuta mshipa unaolisha sehemu yenye uvimbe, akauchoma sindano na kuingiza rangi ya bluu. Sehemu ile, na hiyo peke yake, ikageuka rangi mbele ya macho ya wote waliosimama mezani, na mpasuaji akaikata yote kwa kufuata mpaka wa rangi. Lengo ni kuondoa uvimbe pamoja na njia ambazo chembe zake zingepitia kutoroka. Mwaka 2003 timu yake ya Chuo Kikuu cha Tokyo iliripoti upasuaji wa ini 1,056 katika miaka minane bila mgonjwa hata mmoja kufa kwa sababu ya upasuaji. Miongo michache nyuma, katika hospitali nyingi mgonjwa mmoja kati ya kumi au zaidi hakutoka hai.

Mafanikio hayo ni ya kuvutia, nami siyapunguzi. Ila yatazame vizuri uone yanategemea nini. Mtu mwenye ini zima anaweza kukatwa hadi akabaki na asilimia 20 au 25 ya ini lake, na likakua tena. Mwenye makovu anahitaji kubaki na asilimia 40 hivi, la sivyo ini litashindwa kazi: macho yatakuwa ya manjano, tumbo litajaa maji, na fahamu zitapotea siku chache baada ya upasuaji uliokwenda vizuri. Maana yake ni kwamba sentimita mbili za Guangzhou na sehemu nzima ya bluu ya Tokyo ni ruhusa inayotolewa na ini lenyewe. Penye makovu mengi, mpasuaji hodari kuliko wote hulazimika kukata kidogo, na akikata kidogo anaacha hatari. Timu ya Tokyo ilipata rekodi ile kwa sababu kabla ya kushika kisu ilipima kwa makini ini lingevumilia kukatwa kiasi gani, kisha ikakataa kuvuka mpaka huo. Ustadi mkubwa kuliko yote katika fani hii, kwa maoni yangu, ni huo wa kujua pa kuacha.

Ushahidi ulionishawishi zaidi hautoki kwenye kisu. Unatoka kwenye kidonge. Mwaka 2012 watafiti wa Taiwan walichambua kumbukumbu za wagonjwa 4,569 wenye homa ya ini B waliokatwa saratani kati ya 2003 na 2010. Katika miaka sita, waliokuwa wakimeza dawa za kufubaza kirusi walirudiwa na saratani kwa kiwango cha asilimia 45.6, na wasiotumia asilimia 54.6. Vifo vilikuwa asilimia 29 kwa wa kwanza na asilimia 42.4 kwa wa pili. Msomaji makini atauliza: je, waliopewa dawa hawakuwa watu wenye afya bora au wenye madaktari makini zaidi tangu mwanzo? Swali ni sahihi, kwa kuwa kumbukumbu za hospitali haziwezi kulijibu kikamilifu. Lakini mwaka 2015 yalichapishwa majaribio ya China ambamo wagonjwa 200 waligawanywa kwa bahati nasibu baada ya upasuaji, nusu wakapewa dawa ya kirusi na nusu wasipewe. Baada ya miaka mitano walionusurika walikuwa takriban asilimia 63 kwa waliopewa na 42 kwa wasiopewa. Na zaidi ya hapo, dawa haikuzuia urejeaji wa mapema. Ilizuia ule wa baadaye, yaani saratani mpya inayozaliwa na ini bovu, kama ambavyo hoja ya maadui wawili ingetabiri.

Linganisha na dawa za saratani zenyewe. Mwaka huohuo wa 2015 yalitoka matokeo ya majaribio makubwa ya sorafenibu, dawa ya gharama iliyothibitika kurefusha maisha ya walio na saratani ya ini iliyosambaa. Wagonjwa zaidi ya 1,100 waliokuwa wamekatwa au kuchomwa uvimbe walipewa dawa hiyo au kidonge kisicho na dawa. Haikuzuia ugonjwa kurudi. Mwaka 2023 dawa mbili za kuamsha kinga ya mwili na kuzuia mishipa ya uvimbe zilileta matumaini mapya baada ya upasuaji, lakini wagonjwa walipofuatiliwa kwa muda mrefu zaidi faida ile ilififia. Sisemi utafiti huo uachwe. Siku moja utazaa matunda, hasa dhidi ya adui wa mapema. Nasema tu kwamba kwa sasa kidonge cha bei nafuu kinachotuliza kirusi kimewasaidia waliopasuliwa kuliko dawa za gharama zinazopigana na saratani, na hilo linatuambia tatizo lilipo.

Ipo pia njia ya tatu ya kuijaribu hoja hii: liondoe ini lote. Vincenzo Mazzaferro na wenzake wa Milan walifanya hivyo kwa wagonjwa 48 wenye makovu ya ini na saratani ndogo, uvimbe mmoja usiozidi sentimita tano, au hadi mitatu isiyozidi sentimita tatu kila mmoja. Waliwapandikiza ini jipya, na mwaka 1996 wakaripoti kwamba asilimia 75 walikuwa hai baada ya miaka minne, na saratani ilikuwa imewarudia wanne tu. Ni saratani ya aina ileile inayowarudia wengi wanapokatwa kipande. Kilichobadilika ni kwamba ini bovu halikubaki. Mtu anaweza kusema, basi suluhisho ni kupandikiza kila mgonjwa. Laiti ingewezekana. Hata nchi tajiri hazina maini ya kutosha, mpokeaji hutumia dawa za kushusha kinga maisha yake yote, na gharama yake ni ya kuifilisi familia. Kwa mgonjwa wa Mwanza au Kisumu, kwa miaka mingi ijayo, ini la kutunza litakuwa hilohilo alilonalo.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi zito kuliko yote, na ningependa lijibiwe bila kukwepa: kwa nini tujadili maisha ya miaka kumi baada ya upasuaji wakati wagonjwa wetu karibu wote hawafiki kwenye upasuaji? Utafiti wa mwaka 2017 ulikusanya wagonjwa wa saratani ya ini zaidi ya 2,500 wa Misri na wa nchi nyingine kadhaa za Afrika, zikiwemo Tanzania na Uganda. Nje ya Misri umri wa kati wa mgonjwa ulikuwa miaka 46, na baada ya kugunduliwa nusu yao walikuwa wamefariki ndani ya miezi miwili na nusu. Waliopata tiba yoyote ya saratani yenyewe walikuwa wachache mno. Misri, ambako mpango wa kufuatilia wenye homa ya ini C ulikuwa umeshika mizizi, umri wa kati ulikuwa miaka 58 na muda wa kuishi karibu miezi 11. Takwimu hizi zinaumiza. Ni watu wa miaka 46, wenye watoto shuleni na wazazi wanaowategemea.

Jibu langu ni kwamba mambo yanayomrefushia maisha aliyepasuliwa ndiyo yaleyale yanayomfikisha mwingine kwenye upasuaji akiwa bado na uvimbe mdogo. Kule Shanghai, watu 18,816 wenye homa ya ini B au historia ya ugonjwa sugu wa ini waligawanywa makundi mawili, moja likawa likipimwa AFP na ultrasaundi kila miezi sita. Ingawa waliohudhuria vipimo walikuwa chini ya asilimia 60, vifo vya saratani ya ini katika kundi hilo vilipungua kwa asilimia 37. Ultrasaundi tunazo, hadi katika vituo vya afya vya wilaya, ambako kila siku zinawapima wajawazito. Na dawa ya kirusi tunayo pia. Tenofoviri, ambayo ni mojawapo ya dawa kuu za homa ya ini B, imo ndani ya kidonge ambacho wagonjwa wa VVU wanapewa katika kliniki za CTC Tanzania na CCC Kenya. Bei yake ya kimataifa, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2024, inaweza kushuka hadi dola 2.4 kwa mwezi. Lakini ripoti hiyohiyo inaonyesha kwamba barani Afrika wenye homa ya ini B wanaopata tiba hawafiki hata asilimia moja. Mtu mwenye VVU na kirusi cha B analindwa ini lake kila siku bila hata kujua. Jirani yake mwenye kirusi cha B peke yake mara nyingi anaambiwa aende, arudi akijisikia vibaya. Huu ni upungufu wa mpangilio, na wizara za afya zinaweza kuuondoa bila kusubiri hospitali mpya hata moja.

Kwa mgonjwa mwenyewe yapo yaliyo mikononi mwake, ingawa sikubaliani na wale wanaoligeuza kila gonjwa la ini kuwa kosa la mlevi. Wengi wa wagonjwa wetu wa homa ya ini B waliambukizwa wakiwa wachanga au watoto wadogo, kabla hawajaweza kuchagua chochote. Hata hivyo pombe, kwa aliyekatwa ini, iachwe kabisa. Dawa za kuua maumivu kama diklofenaki, zinazouzwa dukani bila cheti, zinaweza kumletea mwenye makovu ya ini kutokwa damu na kushindwa kwa figo. Dawa za mitishamba zisizojulikana zilimo huchujwa na ini hilohilo lililopunguzwa, na nyingine huliua. Kuhusu chakula, nasikitishwa na ushauri unaozunguka mitaani kwamba mgonjwa wa ini asile nyama, maharage wala mayai. Mwenye makovu ya ini anapoteza misuli haraka, na miongozo ya wataalamu wa ini inamtaka ale protini zaidi ya mtu mzima wa kawaida, pamoja na kitu kidogo kabla ya kulala ili mwili usishinde usiku kucha ukijila wenyewe.

Sumukuvu inastahili neno lake. Mwaka 2004 mahindi yenye ukungu yaliua watu 125 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, na mwaka 2016 Dodoma na Manyara zilipata msiba wa namna hiyo. Hiyo ni sumu ya dozi kubwa. Dozi ndogo za kila siku haziui kwa wiki, lakini mwenye kirusi cha B akizila hatari yake ya saratani huongezeka mara nyingi. Katika wilaya ya Qidong, China, watu walipoacha ugali wa mahindi na kula wali kuanzia miaka ya 1980, vifo vya saratani ya ini kwa vijana vilishuka hata miongoni mwa waliozaliwa kabla ya chanjo. Hatuwezi kuacha ugali, wala hatuna haja. Tunaweza kukausha mahindi juu ya turubai badala ya udongo, kuyahifadhi yakiwa makavu hasa, na kutupa yaliyooza badala ya kuyapeleka mashineni au kwa kuku.

Aliyepasuliwa arudi kliniki kila miezi mitatu au minne katika miaka miwili ya kwanza, kisha kila miezi sita, hata kama hajisikii chochote. Uvimbe mpya wa sentimita mbili unaweza kukatwa tena au kuchomwa kwa sindano ya joto. Wa sentimita kumi, mara nyingi hapana. Kama anameza dawa ya homa ya ini B, asiiache kwa kuwa amejisikia nafuu au kwa kuwa amepewa maombi na shuhuda. Kirusi kinaweza kulipuka wiki chache baadaye, na ini lililobaki nusu halina akiba ya kuhimili mlipuko huo. Wanafamilia wake wote wapimwe pia, kwa maana kirusi hiki hukaa katika nyumba. Chanjo ya homa ya ini B iliingia katika chanjo za kawaida za watoto Kenya mwaka 2001 na Tanzania mwaka 2002. Wewe uliyezaliwa kabla ya hapo, kuna uwezekano mkubwa hukuchanjwa utotoni. Nenda kapime kirusi cha B. Ukikutwa huna, omba chanjo, na ukikutwa nacho, usiondoke kliniki kabla hujapangiwa tarehe ya ultrasaundi.